Tairi Zilizolazwa Juu ya Matawi

Cheka. Cheka umalize, Sosthenes, maana nikianza sitaki kuona meno yako. Mwanaume mzima, umeoa mjukuu wangu, umezaa naye, halafu nikikuambia kesho usimpakie mtoto kwenye gari hilo unajishika tumbo. Unamnong'oneza mwenzako kwamba bibi ameanza kuchanganyikiwa. Masikio yangu hayajazeeka. Darasa la saba nilimaliza, na akili niliyotoka nayo shuleni bado ninayo. Wewe na chuo chako umenunua tairi bila kuuliza zimetoka wapi.

Kaa. Mkeo Jackline ananyonyesha chumbani, hatusikii. Ukungu umeshafunika migomba, hakuna unakokwenda jioni hii. Sogeza hilo jiko la mkaa kwangu, usilikumbatie peke yako.

Unamjua mjomba wa mkeo, Ambokile, mwanangu wa mwisho. Unamwona anavyofuga nguruwe zake, haendi mjini ila kwa miguu, lifti hapokei hata mvua inyeshe. Mnamsema kwamba ni bahili. Ambokile alikuwa na pikapu yake mwenyewe, tena dereva hasa. Mwaka juzi alipata kazi ya kubeba viazi kutoka huku kwetu Isyonje kupeleka Iringa, na kurudi na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Kazi nzuri. Shida ilikuwa tairi. Zilikuwa vipara, zimeisha kama kisigino changu.

Mimi nimeishi na dereva wa lori mpaka nikamzika, kwa hiyo hayo mambo nayajua kwa kusikia kelele zake. Tairi laini la lami, barabara kuu linateleza vizuri, lakini ukiliingiza kwenye tope la Isyonje linazunguka pale pale kama mlevi. La kashata nene, yale meno ya tairi, linapanda popote, ila kwenye lami linavuma kama mashine ya kusaga na linakwisha upesi. Sisi tulitaka la katikati. La katikati jipya, Ambokile alisikia bei akarudisha mikono mfukoni.

Ndipo akaambiwa kuna mtu Soweto, pale Mbeya mjini, anauza zilizotumika. Nikaenda naye. Nisingemwacha achague peke yake, alichagua mke mara mbili na mara zote alikosea.

Banda la mabati. Muuzaji mwembamba, amevaa glovu za ngozi za mafundi wa kulehemu, na jua lilikuwa kali. Tairi zake zote amezirundika ukutani. Ila nne alikuwa amezilaza pembeni, moja moja, juu ya matawi mabichi.

Nikamuuliza, "Hizi unazitandikia matawi ya nini, zinajifungua?"

"Zisiguse chini, mama."

"Tairi lisiguse chini litagusa nini?"

Nikaziinamia. Nikaingiza ukucha kwenye kashata, ukazama. Nikabonyeza ubavuni, mpira mzima, haujapasuka pasuka. Ilikuwa ndiyo ile ya katikati, hasa. Moja tu ilikuwa na jeraha ubavuni, na imeshonwa. Nimeona tairi nyingi zilizoshonwa kwa uzi wa nailoni. Hii ilishonwa kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, na manyoya yake mekundu bado yapo.

Na zilikuwa na tope. Tope bichi. Mvua ilikwishakatika zamani, mji mzima vumbi, tairi zimelazwa bandani, lakini tope linanata kwenye kidole changu kama limekanyagwa asubuhi hiyo.

Nikamwambia Ambokile, "Tuondoke. Bei hii si ya tairi, ni ya mtu anayetupa kitu."

"Mama, unataka nibebe viazi kichwani?"

Akazinunua. Zikafungwa pale pale. Zile vipara mwenye banda alizikataa, nikasema zipakieni nyuma, nitakatiwa makatambuga ya kwendea shambani. Ambokile akanicheka, kama wewe.

Tukaondoka. Tulipanga kulala Kalenga kwa dada yangu Yusta, asubuhi tushuke Ruaha Mbuyuni kupakia. Siwezi kusema uongo, zilikwenda vizuri. Kwenye rafu rodi zilishika, kwenye lami hazikuyumba. Mvumo tu ndio sikuupenda. Tairi huvuma kwa mfululizo. Hizi zilivuma... zinanyamaza... zinavuma... kama mtu anayepumua kwa shida.

Jioni ikatukuta tumepita Nyororo, kwenye ile misitu ya misonobari, Mafinga iko mbele. Ukungu ukaingia barabarani. Ukaingia na harufu. Samadi ya ng'ombe, misonobari iliyolowa, na chini yake harufu ya chuma, kama ukilamba kisu.

Mbele yetu, matawi kwenye lami.

Wewe unaendesha, unajua. Gari likiharibika, mwenyewe anakata matawi anayatandika nyuma na mbele, ili wanaokuja wapunguze mwendo. Likitengemaa, anayazoa. Wengi hawazoi, wanawasha wanaondoka, na wanaobaki nyuma wanahangaika kukwepa majani. Basi Ambokile akapunguza. Tukayapita taratibu.

Hapakuwa na gari.

"Wameondoka wakaacha uchafu wao," akasema.

Tukaenda. Kona, daraja dogo, mlima kidogo. Matawi tena. Misonobari, na katikati tawi moja la mnyaa. Mnyaa ni mti wa wafugaji, wanazungushia maboma ya ng'ombe huko Usangu. Haukui kwenye ile baridi.

Tukayapita. Hapakuwa na gari. Kona, daraja, mlima.

Matawi. Mnyaa katikati.

"Ambokile. Geuza turudi."

Akageuza. Tukarudi tulikotoka. Kona... daraja...

Matawi.

Barabara ile, wewe unaijua, malori ya kwenda na kurudi Tunduma hayakatiki. Hatukuona hata moja. Hakuna honi, hakuna ndege, hakuna mbwa. Na jioni ilikuwa haiishi. Mwanga ulibaki vile vile, wa kijivu, kama maji yaliyooshewa vyombo. Niliungojea usiku, Sosthenes. Mimi mtu wa kuogopa giza, niliomba giza liingie, nijue angalau saa inatembea.

"Simamisha," nikasema.

"Nimekanyaga breki, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimekanyaga muda mrefu."

Akaondoa mikono kwenye usukani, anionyeshe. Usukani ukakata kona wenyewe.

Nikashika kitasa cha mlango. Kilizunguka bure, kama cha kuchezea watoto. Kioo hakishuki. Tumo ndani ya kile kibati mimi na mwanangu, na chini yetu zile tairi zinapumua.

Kona, daraja, mlima. Safari hii, penye matawi, kulikuwa na mtu.

Alikuwa ametugeuzia mgongo, anatandika. Tawi hapa, tawi pale, kwa utaratibu, kama mama anayetandika kitanda cha mgeni. Nikadhani amepiga magoti.

Hakuwa amepiga magoti.

Kuanzia magotini kwenda chini hapakuwa na kitu. Suruali tu, imelala kwenye lami, imelowa.

Gari likasimama lenyewe. Kioo cha upande wangu kikashuka chenyewe. Na yule akaja. Sikumwona akija. Nilisikia tu kitambaa kinavyoburuzwa... kinaburuzwa... halafu vidole vinne vikashika ukingo wa mlango wangu.

"Mayu," akanong'ona. Wasukuma wa Usangu ndivyo wanavyomwita mama. "Mayu, mmeniletea?"

Nikajibu, maana mtu akikuita mama unajibu. "Tumekuletea nini, baba?"

"Tairi zangu."

Ambokile alianza kupapasa kitasa cha mlango wake. Nikamshika paja, nikambana.

"Zilitoka vipi kwako?" nikauliza.

"Gari lilipinduka. Nilikuwa nimebanwa miguu. Walikuja watu na tochi, nikafurahi." Alinong'ona taratibu, bila hasira. "Nikawaambia niko hai. Mmoja ana glovu, akaniambia tulia. Nikatulia. Nikasikia nati zinafunguliwa. Nikadhani wananitoa."

Vidole vikasogea kwenye ukingo wa mlango.

"Walipoondoka nilisikia wanacheka."

Mimi si mtu wa kulia, na sikulia. Nikauliza, "Sasa unataka nini?"

"Niondoe gari. Gari likiondoka, nizoe matawi. Siwezi kuyaacha, watu watagonga." Halafu sura ikapanda kwenye dirisha. Sikuitazama yote. Niliona jicho, na jicho lilinipita, likatulia chini, kwenye pedali. "Kijana wako ana miguu mizuri, mayu. Hii pia ingefaa."

Hapo ndipo nilipopata sauti ya kumnyooshea mtu kidole. "Miguu ya mwanangu nimeizaa mimi, haiuzwi Soweto. Tairi zako utapata. Fungua mlango."

Mlango ukafunguka.

Nikamwambia Ambokile, "Shuka. Jeki. Usiangalie popote ila nati iliyo mbele yako." Tulikuwa na zile vipara nyuma, namshukuru Mungu kwa makatambuga yangu. Akafungua. Kila nati ilipolia kwenye spana, kule kwenye ukungu mtu aliguna. Nati ikalia, akaguna. Nati ikalia, akaguna. Mwanangu alikuwa akitokwa jasho na baridi ile, makamasi yanamtiririka, anafungua, anafunga kipara mahali pake.

Likabaki lile lililoshonwa. Nati ya mwisho ikagoma. Ambokile akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, wapi.

Mkono mwingine ukaja juu ya mkono wake.

Ukasukuma pamoja naye.

Nati ikatoka.

Tukaziviringisha tairi mpaka penye mnyaa, tukazilaza. Nikamwambia, "Haya, zoa matawi yako, baba."

"Zoa wewe, mayu. Mikono yangu imejaa."

Nikazoa. Nikayatupa korongoni, tawi baada ya tawi, mpaka lami ikawa nyeupe. Nilipotupa lile la mnyaa, usiku ukaanguka mara moja, kama pazia limekatika kamba, na lori likanipita karibu linichukue, dereva anatutukana wazazi wetu. Sijawahi kufurahia tusi kama lile.

Mafinga tuliuliza. Wakatuambia ndiyo, kuna mfanyabiashara wa ng'ombe alipinduka pale, anaitwa Nkuba, kijana wa Usangu. Alikutwa asubuhi amekufa, na pikapu yake imelala ubavu, haina hata tairi moja. Ndugu zake walikuja kumchukua. Mwili walichukua. Soweto nilirudi, banda lina kufuli, na majirani hakuna aliyemjua mwenye glovu anaitwa nani wala anatoka wapi. Kwa nini alizilaza juu ya matawi? Nadhani alikuwa anajua. Juu ya matawi, yule kule anaona gari lake bado limeharibika, linangoja. Ukizitoa, anaona limeondoka bila yeye. Hayo ni mawazo yangu, sikuambiwa na mtu.

Ambokile aliuza pikapu. Ule mkono ulioshikwa ndio huo mnaouona anauficha kwenye koti. Mnasema baridi yabisi.

Sasa mbona hucheki?

Ulipoingia na hilo gari lako ukaniita nije nione, "Bibi, njoo uone viatu vipya, tope na lami kote vinapita, na bei ya kuokota." Nilikuja. Ukaenda ndani kusalimia, mimi nikabaki nimeinama kwenye tairi la nyuma, la kushoto. Huku juu vumbi tupu, Sosthenes. Tazama kidole changu. Bado hakijakauka.

Ubavuni limeshonwa kwa ngozi ya ng'ombe. Manyoya mekundu.

Aliyekuuzia alivaa nini mikononi?

...

Na zilikuwa zimelala juu ya nini?

"Majani tu, bibi. Nilidhani ni ya kufutia."

Ya kufutia. Nani alikwenda kuzichukua tena kule, sijui. Pengine ni yule yule wa glovu. Pengine Nkuba ameibiwa mara ya pili na watu wengine wasiojua kitu. Mimi ninachojua ni kwamba kesho ulitaka kumpakia Jackline na kitoto kile, uwapeleke kwenu Kalenga juu ya hizo tairi, kupitia msitu ule. Na kwamba mwenye tairi safari hii hakungoja kesho.

Nyamaza usikie.

Si upepo. Migomba imetulia. Hicho ni kitu kinaburuzwa, kinawekwa. Kinaburuzwa... kinawekwa. Kimeanzia getini tangu niliposema habari ya mkono, kinakuja kwenye gari lako. Wewe ulikuwa unanitazama mdomo, hukusikia.

Hapana, kaa. Wewe ndiye hutoki. Una miguu ya miaka thelathini, na chumbani kuna mwingine ambaye yake haijakanyaga hata chini. Nipe hiyo spana hapo mlangoni. Jeki iko nyuma ya kiti? Haya. Mimi ananijua, ananiita mama. Na hii miguu yangu, imejaa maji na haifiki hata kanisani, akiitaka atanirudishia mwenyewe.

Usimwambie Jackline. Mwambie bibi amekwenda kufunga kuku.

Ukisikia matawi bado yanatandikwa, usifungue, hata nikuite kwa jina. Ukisikia yanazolewa, yote mpaka la mwisho, ndipo ufungue, na uwe na chai.

Toa mguu wako hapo, nivute mlango.