Mafuta ya Bunduki ya Falko

Farida Nammole hakuwa na bastola. Hakuwa na gari, hakuwa na mwenzake wa kumlinda mgongo, na tangu juzi hakuwa na usingizi. Hata jina walilomwita pale, alikojifanya fundi wa bunduki, halikuwa lake.

Alikuwa na kerezo, mashine ya kuchongea chuma, tupa chache, na bunduki ya mtu mwingine.

Bunduki ya upepo. Si ile ya watoto ya kuwindia njiwa. Hii ilikuwa na mtungi wa hewa iliyoshindiliwa kwa pampu ya wapiga mbizi, darubini ya Leupold juu yake, na kizuia sauti mdomoni. Ukiifyatua, aliye karibu angedhani umekohoa.

Mwenyewe alijiita Falko. Mgeni mrefu, Kiswahili alikiokota Dar es Salaam, mikono misafi kama ya daktari. Kazi yake kuvusha pembe za ndovu kwenye mdomo wa Ruvuma. Alfajiri inayofuata boti ingemleta mnunuzi mkuu, mtu ambaye Idara iliyomtuma Farida haikuwahi hata kuiona sura yake.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Gideoni, mlinzi wa doria. Kila alfajiri mtu huyu hukaa juu ya gogo lilelile, akinywa chai, macho yake kwenye ufuko uleule.

Falko alitaka aanguke kimya kimya.

Ndani ya ghala kuukuu la korosho, katika kijiji cha Ziwani, redio ya Motorola ilikwaruza chini ya matambara ya sanduku la vifaa. Farida akawasha kerezo, mngurumo umfunike.

“Mkoko, hapa Kusi,” ofisi ilimwita kwa jina lake la redioni.

“Sema, Kusi.”

“Mzigo usiguswe mpaka mnunuzi akanyage mchanga. Vijana wetu wamejificha mikokoni.”

“Na mlinzi?”

“Hatuwezi kumwonya. Kituoni kwake kuna anayeuza habari. Asipokaa kwenye gogo, Falko atajua ameonywa, na boti inageuza.”

Farida akaitazama bunduki mezani.

“Mkoko, bunduki iko mikononi mwako. Isilie.”

Isilie! Rahisi kusema ukiwa umekalia kiti cha ofisi.

Mlango ukasukumwa. Falko aliingia na mpambe wake, Lukasi, jitu la Iringa lililolowa jasho.

“Joto la kwenu hili, dada, mnaishije?” Lukasi akauliza.

“Subiri alfajiri, kaka. Upepo wa kusi wa Julai utakutafutia blanketi.”

Falko hakucheka. Alichukua kikalio cha vali alichokitengeneza Farida, akakibinya kwa kucha.

“Hii nailoni.”

“Ndiyo, bosi.”

“Nailoni hunywa unyevu, ikavimba. Hewa itavuja. Unanichezea?”

Lukasi akasogea. Farida akainamisha kichwa. “Ndiyo iliyokuwa dukani, bosi.”

“Tumia Delrini, plastiki isiyonywa maji. Nyundo ya ndani, stenlesi. Mipira, grisi ya silikoni tu. Mafuta ya petroli yakikutana na hewa ya shinikizo, yanalipuka usoni. Na springi iwe laini. Springi ngumu ina kelele.” Akatupa kichupa mezani. “Njia ya nyundo, paka haya.”

Mafuta maangavu kama maji. Wakatoka.

Alijua kila kitu, shetani yule. Kila chuma, kila plastiki. Farida alizunguka kerezo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akaketi. Akainuka. Springi laini. Springi laini!

Mkono wake ukaenda kwenye mkoba, ukatoka na chupa aliyopewa na mama yake Mikindani.

Kichupa cha Falko kilimwagwa mchangani. Njia ya nyundo ikajazwa mafuta ya chupa ile, bila uchoyo.

Adhuhuri, jua likiwa utosini, Falko aliishika bunduki. Akainusa.

“Nanusa nazi.”

Farida akasogeza mtandio, misuko ikang’aa.

“Nywele hizi, bosi. Mwanamke wa Mikindani asiyepaka nazi, mamaye humkana.”

Lukasi akaangua kicheko. “Kweli bosi, hawa wa pwani ni vitumbua vinavyotembea. Sisi kwetu Vaseline.”

“Ndiyo maana mmepauka,” Farida akamjibu.

Falko akalenga. Phut. Kopo la maziwa likaruka. Phut. La pili. Phut. La tatu.

“Kazi safi,” alisema. “Kesho utakuwa kando yangu. Bunduki ikikosea, na wewe umekosea.”

Usiku kucha walivizia karibu na ufuko, na bunduki ililala nje, kwenye umande.

Alfajiri kusi ilikuja ikitafuna mifupa. Falko alilala kifudifudi kwenye matete. Nyuma ya Farida alisimama Lukasi, panga mkononi, meno yakigongana.

Gideoni akatokea na chupa yake ya chai. Akaketi juu ya gogo. Akamimina.

Injini ya Yamaha ikanguruma kutoka baharini.

Falko akavuta pumzi. Akafyatua.

Tup.

Kama kidole kwenye gunia. Hakuna kilichotoka. Akakoki tena.

Tup.

Gideoni akapuliza chai yake.

Falko akafungua bunduki. Njia ya nyundo ilikuwa imejaa kitu cheupe, kizito kama samli.

“Nini hiki?”

“Nazi, bosi. Julai huganda, na springi laini haina nguvu ya kuisukuma. Huku kila nyumba huanika chupa juani kabla ya kujipaka.”

Kule ufukoni, kiatu kikakanyaga mchanga.

Farida akapiga mluzi.

Mikoko ikawaka taa. Lukasi akainua panga. Spana ya Farida ikamkuta kwenye kifundo cha mkono, panga likaanguka. Falko alikimbilia mtoni, akakutana na boti ya vijana na pingu zao. Mnunuzi alikuwa bado ana mguu mmoja majini.

Gideoni alisimama, kikombe mkononi, mdomo wazi.

“Dada, kulikoni?”

“Chai yako inapoa, kaka,” alisema Farida, akampita.

Mchana, kwenye kaunta ya posta ya Chikongola, aliandika mistari michache.

*Kaka Gideoni, gogo lako linajulikana. Kesho kunywa chai kwingine, keshokutwa kwingine tena. Mazoea ni mema kwenye ibada; kwa mlinzi ni kaburi.*

Hakutia jina. Akafunga bahasha. Gundi ikakataa, vidole vilikuwa bado na mafuta. Akavifuta kwenye kanga, akabana tena mpaka ikashika.

Akaitumbukiza sandukuni, akatoka juani bila kugeuka.