Mboni na Benchi la Bibi

Mboni aliishi na mama yake mlimani, kwenye ukungu na baridi. Nyumbani mwao, vya kukalia vilikuwa mkeka na vigoda viwili. Basi.

Siku moja Mama akasema, "Mboni, Jumamosi Bibi anakuja."

"Bibi!" Mboni akaruka juu. Alipotua, akawaza. Bibi ni mnene. Tena magoti yanamuuma. Mkekani hawezi kukaa. Na kigoda? Kigoda hakimtoshi hata nusu!

"Atakaa wapi, Mama?"

"Tutamtengenezea benchi. Chini sanduku lenye miguu, juu kifuniko. Atakaa juu, nguo zake ataziweka ndani."

"Kwani unajua kutengeneza benchi?"

"Sijui," Mama akasema. "Tutajua tukianza."

Mboni akajiuliza moyoni:
Je, likivunjika? Je, Bibi akianguka?

Mama akaazima msumeno na nyundo kwa jirani. Mboni akashika ubao kwa nguvu zake zote. Mama akakata. Kwaru, kwaru, kwaru!

Ubao wa kwanza ukatoka mrefu. Wa pili ukatoka mfupi.

"Aa!" Mama akasema. "Kumbe tupime kwanza, ndipo tukate."

Wakapima kwa kamba. Wakakata tena. Kwaru, kwaru, kwaru!

Kisha Mama akapiga misumari. Ko! Ko! Ko! Msumari mmoja ukapinda. Mwingine ukaruka, ukapotelea majanini. Mboni akautafuta mpaka akaupata.

Akajiuliza tena moyoni:
Je, likivunjika? Je, Bibi akianguka?

Jioni benchi likasimama. Lakini mguu mmoja ulikuwa mrefu. Mboni akaketi. Tiki-taka, tiki-taka!

Mama naye akaketi. Nyeeee!

"Mama, linalia!"

Mama akainuka upesi. Akafungua kifuniko, akachungulia ndani. "Ahaa. Kifuniko kinabonyea hapa katikati. Hakuna kinachokibeba."

Kesho yake Mama akasimamisha ubao mmoja ndani, katikati, ukibebe kifuniko. Ko! Ko! Ko! Mguu mrefu akaupunguza. Mboni akasugua mbao kwa msasa, shwa, shwa, shwa, zisimchome Bibi.

Mama akaketi. Kimya.

Mboni akamtazama Mama. Mama ni mwembamba. Bibi si mwembamba!

Jumamosi ikafika.

"Hodi hapa!"

"Karibu! Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Oo, magoti yangu! Mlima huu!" Bibi akaliona benchi. Akaligeuzia mgongo. Akaanza kushuka, polepole, polepole...

"Bibi, usikae!"

Bibi akabaki vilevile, hajakaa, hajasimama. "Kwa nini nisikae?"

Machozi yakamlengalenga Mboni. "Tumelitengeneza wenyewe. Na sisi hatujui. Litavunjika, utaanguka!"

Mama akainamisha uso.

Bibi akapapasa mbao. Akafungua kifuniko, akatazama ndani. Akatikisa huku. Akatikisa kule. Kisha akanyoosha mkono.

"Njoo, Mboni. Tukae wote. Tukianguka, tutaanguka wote, tutacheka wote."

Mboni akaushika mkono wa Bibi. Akafumba macho.

Wakashuka, polepole, polepole...

Nyee, likasema benchi.

Halafu kimya.

Mboni akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili. Bibi alikuwa amekaa! Miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Mama Mboni," Bibi akaita, "na wewe njoo ukae."

"Hapana, Mama, tutazidi—"

"Njoo!"

Mama akaja akakaa. Wakabanana watatu, bega kwa bega. Benchi likanyamaza kimya. Mama akacheka. Mboni akacheka mpaka akapata kwikwi.

Usiku ulipoingia, Bibi akafungua mkoba wake. Akatoa kanga, akaiweka ndani ya benchi. Akatoa gauni, akaliweka. Akatoa sweta, akaliweka. Mkoba ukabaki mtupu.

Mboni alikuwa amejilaza kitandani, macho yakianza kuwa mazito. "Bibi," akanong'ona, "utaondoka kesho?"

"Niende wapi?" Bibi akasema, akimfunika blanketi. "Nguo zangu zina kwao. Na mimi nina pa kukaa."

Akafunga kifuniko. Tup.

Mboni akalala.