Fundi wa Ukoo Alivyofuta Sauti ya Mwanangu

Nina miaka sitini na nane, mjane, naishi Ilomba, Mbeya. Shule niliishia la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Na leo nasema kwa hasira!

Binti yangu Tumpe alikuwa mwimbaji. Nyimbo zake alirekodi kwenye kompyuta, akaweka nakala ya kompyuta nzima kwenye diski ya kuchomeka. Akaniambia kompyuta ikifa, diski hiyo itarudisha vyote. Tumpe akafariki... na kompyuta ikafa. Sauti ya mwanangu ikabaki kwenye diski ile tu.

Tulipopanga kwenda Ilula kujengea kaburi lake, nilitaka ndugu wamsikie akiimba. Nikanunua laptop ya mtumba. Majirani wakanielekeza kwa fundi mzoefu, nikakataa. Ningempaje mgeni, wakati Festo, mtoto wa mdogo wangu, ana kibanda cha kompyuta Soweto, hapa hapa Mbeya? Kwetu ukimruka wa ukoo, umemtukana mama yake!

Festo akacheka. "Mama mkubwa, hii kazi ya kunywa chai tu!"

Nikamwachia laptop na diski. Niliporudi, uso umemshuka. Akasema diski ilikuwa imeoza, virusi vimekula kila kitu. Nililia palepale kibandani... na nikamwamini!

Njiani kwenda Ilula, kwa tumaini la mwisho, nikashuka Iringa mjini, nikampa binti mmoja fundi laptop na ile diski aijaribu. Akaichomeka, akaniuliza:

"Bibi, nani kapiga Windows juu ya nakala yako?"

Akanieleza polepole. Laptop ile ina diski yake ndani, lakini programu ya kuweka Windows au kurudisha nakala haiioni mpaka uipe draiva, yaani kaprogramu ka kuitambulisha. Kanapakuliwa, kanawekwa kwenye flashi, basi. Festo hakuweka. Kwa hiyo mashine ikaona diski moja tu, ile ya mwanangu. Ikauliza ifute, iweke Windows humo? Festo akakubali!

Yule binti alijaribu kuokoa. Vikatoka vipande visivyo na sauti.

Nikampigia Festo. Alikana kwanza, kisha akasema, "Nilijua nimeharibu, mama mkubwa. Niliona aibu."

Aibu! Na mimi niliyesimama kaburini sina hata wimbo mmoja, niliona nini? Mdogo wangu ananiambia nimsamehe, eti ni mtoto. Mtoto ana ndevu! Kukosea ningemsamehe. Lakini kuniacha niamini mwanangu aliweka nakala mbovu... hilo hapana!

Wasomaji wangu, kitu cha marehemu kikiwa kimoja, fundi asikiguse kabla hajakitolea nakala nyingine. Muulize mbele yako: diski ya ndani inaonekana? Akibabaika, chukua kitu chako uondoke, hata kama ni wa ukoo wako! Mama yake akinuna, mwache anune.

Na wewe fundi unayesoma hapa, sema "sijui." Festo angesema hivyo, ningenyanyua mkoba wangu, nikaenda kwa mwingine, na mwanangu angeimba.