Sumaku Kifuani mwa Bi Pini

Bi Pini alikuwa fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu pini hazikukosekana sakafuni kwake. Macho yake yalikuwa yamechoka. Kuokota pini moja tu kulimtoa jasho.

Mwanawe alikuwa fundi umeme, mwepesi wa mikono, na mwepesi zaidi wa kusema "hakuna shida". Siku moja alifungua spika mbovu, akatoa sumaku nzito.

"Hii itakuokotea pini, mama."

"Haitanidhuru?" Bi Pini aligusa kifua. Madaktari walikuwa wameweka chombo kidogo chini ya ngozi, kiusaidie moyo wake upige sawasawa.

Kijana akaigusa sumaku kwa bisibisi ya testa, ile yenye kitaa kinachowaka ikigusa umeme. Taa haikuwaka.

"Umeona? Haina umeme hata chembe. Hakuna shida."

Haya! Bi Pini akaishonea sumaku ndani ya mfuko wa kifuani wa aproni. Pini zikaruka zenyewe kutoka mezani, zikaganda kifuani. Alicheka kama msichana.

Mchana, cherehani ikaanza kusikika kwa mbali. Vitambaa vikaelea machoni pake. Ukuta ukawa kama unapumua. Ilipendeza kutazama, lakini mikono ilikuwa baridi, na Bi Pini aliogopa sana.

Jirani yake, mwalimu wa sayansi, akaingia kuchukua sketi.

"Mama! Una nini?" Akaziona pini kifuani. "Humo mna nini?"

"Sumaku..."

Mwalimu hakungoja. Alimvua aproni, akaitupa nje. Polepole ukuta ukatulia. Mwana akaitwa, wakampeleka mama hospitali. Chombo kilipimwa, kikakutwa kizima.

"Sumaku hukivuruga chombo hiki," alisema muuguzi. "Iwe mbali na kifua, siku zote."

Waliporudi nyumbani, kijana alikuwa mnyonge. "Lakini testa haikuwaka!"

"Testa hupima umeme," alisema mwalimu. "Utapima urefu wa kitambaa kwa mizani?"

Bi Pini alicheka. Kisha akauliza, "Kumbe kitu kisicho na chaji ya umeme kinaweza kuwa sumaku?"

"Sana, mama," alijibu mwalimu. "Kila kitu kina chembe ndogo mno. Nyingine huitwa nyutroni. Ndani ya nyutroni mna vitu vidogo zaidi, vyenye chaji chanya na hasi. Chaji zinafutana, jumla sifuri. Lakini nguvu zao za sumaku hazifutani zote. Kwa hiyo nyutroni ni kisumaku kidogo."

"Makubwa!"

"Bado. Kuna nyota zilizokufa zikajikunja, kila moja ikabaki na upana wa mji tu. Karibu zote ni nyutroni. Humo zimebaki chembe chache zenye chaji, zinatembea, na wataalamu wanaona hizo ndizo chanzo kikubwa cha sumaku ya nyota hizo. Ina nguvu mara mamilioni kuliko hii yako."

Bi Pini akajilaza, akasinzia. Akaiona nyota hiyo, ndogo, kimya, inazunguka. Pini zote alizowahi kupoteza zilikuwa zikipaa kuifuata, na yeye alizisindikiza kwa macho bila hofu.

Alipoamka, mwanawe alikuwa ameifunga sumaku kwenye ncha ya mpini mrefu wa ufagio.

"Shika huku juu, mama. Sumaku ibaki kule chini."

Bi Pini akaupitisha sakafuni. Pini zikaruka, tik, tik, tik.

Kijana akafungua mdomo kusema neno lake la siku zote. Akalimeza.

"Mama," aliuliza, "unajisikiaje?"

Bi Pini aliuchukua mkono wa mwanawe, akauweka kifuani pake.

"Sikiliza mwenyewe," alisema.