Aliyeita Kabla ya Gedion

Nyumba ya marehemu Kitonga pale Kathonzweni ilikuwa imefungwa miaka miwili, lakini Nzisa alipoingia alisikia harufu ya ugoro, mbichi kama umesagwa asubuhi hiyo.

"Ni nyumba ya baba. Ulitaka inuke maua?" akasema kaka yake Muthama, akitundika mablanketi madirishani ili saa nane mchana ionekane usiku.

Muthama alikuwa anapiga filamu ya kutisha kwa simu yake, na mwanzo wake ndio uliokuwa umemkosesha usingizi.

"Hatuonyeshi kitu. Unafunga komeo, unaosha sufuria, mtu anakuita kutoka nje, unaitika. Basi. Mtazamaji ajitishe mwenyewe."

Wa kuita alikuwa jirani yao Gedion. Angesema "Kavata," jina la msichana wa filamu.

Nzisa akafunga komeo. Akaosha sufuria. Kukawa kimya, hata maji yakasikika yakidondoka.

"Mwaitu," sauti ikaita nje ya mlango.

"Naja," akajibu kabla hajafikiri.

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Nzisa alipewa jina la mama wa baba yake, kwa hivyo baba alimwita hivyo tangu utotoni. Baba peke yake.

"Gedion anatuharibia," Muthama akanong'ona kwa hasira. Simu ikatetemeka mkononi mwake. Ujumbe wa Gedion: pikipiki imepata pancha, bado yuko njiani huko Mukuyuni, wamngoje.

"Usifungue," Muthama akasema.

"Nimeshaitika."

"Hayo ni maneno tu. Keti."

Wakaketi sakafuni wameshikana mikono, na kila Nzisa alipodhani kitu kile cha nje kimeondoka, kikakohoa kile kikohozi cha baba cha mwaka wa mwisho, kikakwaruza mbao pale usawa wa komeo, kikaita tena polepole, kama mtu aliyekwisha kuitikiwa na hana haja ya kugombana, mpaka miguu ya Nzisa ikaanza kuinuka yenyewe na Muthama akamlalia magotini kumzuia.

Kisha kimya.

"Kimeenda," Muthama akanong'ona.

Chumbani kwa baba, ambako hakuna dirisha wala mlango wa nyuma, kitanda kikalia kama mtu mzito ameketi kuvua viatu.

Nzisa akarukia komeo. Akavuta kwa mikono miwili. Halikusogea.

"Umefanya vizuri kufunga," sauti ikasema.