Miguu Sita Ndani ya Laguna

"Hivi nani alitangulia kushuka mashuani?" Doña Refugio, jirani wa ukuta mmoja, aliwahi kumuuliza Eulalia. Eulalia alimjibu ukweli: walishuka wote wawili.

Kwenye Laguna Madre, wangwa mpana wa maji ya chumvi, mvuvi hushuka akatembea, maji yakiwa mapajani, na mashua huifunga kamba kiunoni aiburure nyuma yake. Wakiwa wawili, mmoja hubaki ndani. Lakini Julai ile samaki wa madoa walikuwa wakirukaruka kila upande, na shemeji yake Fidencio akamtania kwamba mjane wa kaka yake siku hizi amekuwa abiria. Eulalia akashuka na mshipi wake.

Haikupita robo saa Fidencio akakanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani. Uroho wa samaki ulimfanya ainue mguu badala ya kuuburura mchangani ili taa wakimbie, na mwiba ukamzama juu ya kisigino. Akataka kuinama, kamba ikamvuta kiuno, akaifungua. Upepo wa kusini-mashariki ukaichukua mashua pamoja na dumu la maji ya kunywa. Eulalia aliikimbilia mpaka maji yakamfika kifuani, kisha akarudi.

Alimvuta shemeji yake hadi kwenye fungu la tope, palipokuwa na dimbwi lililochemshwa na jua tangu asubuhi.

"Tumbukiza mguu."

"Yanachoma, shemeji."

"Ndiyo dawa yenyewe. Sumu ya taa inaogopa moto."

Maumivu yalipopungua alimfunga jeraha kwa leso yake ya kichwani. Magharibi, mbali sana, miti ya wando, uzio wa kutegea uduvi wa mvuvi mwenzao Melquíades, ilionekana nyembamba kama njiti. Melquíades huja kuukagua jioni. Wasipofika kabla yake, Fidencio hataiona asubuhi. Mguu ulishavimba hadi gotini na midomo yake ilikuwa myeupe kwa kiu.

Wakaanza kutembea wakiburura nyayo, Eulalia amemshika Fidencio ukosi wa shati. Shaa, shaa. Joto liliunganisha maji na mbingu, miti ya wando ikawa inapotea na kurudi. Eulalia alisali Salamu Maria akihesabu kwa vidole, na katika kuhesabu ndipo aliposikia kwamba nyayo zimezidi. Waliposimama, nyuma yao ilisikika hatua moja zaidi, halafu kimya. Wakaendelea, nayo ikaendelea, mguu wa kushoto ukiburuzwa kwa uzito.

Nicanor mumewe alitembea hivyo. Alipotea kwenye maji haya miaka minne iliyopita; Fidencio alisema aliteleza kutoka mashuani akiwa usingizini, na kaburini walizika shati lake tu.

Eulalia hakugeuka. Fidencio aligeuka.

"Kaka anatuita. Anasema mashua iko huku."

Huku kulikuwa mkondo wa meli, kina kisicho na mwisho kwa mtu wa mguu mmoja. Fidencio akamvuta kuelekea huko, akilia bila machozi.

"Hakuanguka akiwa usingizini, shemeji. Nilimwacha amesimama majini, nikaondoka na mashua. Niliona kundi la samaki wekundu, nikamwambia nisubiri hapa, narudi sasa hivi. Nilirudi jua linazama."

Vidole vya Eulalia vilikuwa bado kwenye ukosi wa shati. Kuvifungua lilikuwa jambo jepesi kuliko yote aliyoyafanya siku ile, na hakuna mtu angemuuliza. Nyuma yao ile miguu ilisimama, kama inayongoja aamue.

Akakaza mkono. "Tembea," akasema. "Usiinue nyayo."

Jioni Melquíades aliwakuta wamekumbatia miti ya wando. Aliwanywesha maji kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo, akigombana nao wasigugumie.

Siku ya tatu Eulalia alikwenda kumwona Fidencio nyumbani kwa mama mkwe, Doña Ausencia. Daktari alikuwa amesema mguu utapona. Fidencio akamwomba kwa sauti ya chini asimwambie mama, atasema mwenyewe baadaye. Eulalia akaenda jikoni, akamshika mkono Doña Ausencia, akamketisha kando ya kitanda.

"Mwambie sasa," alisema.

Fidencio alisema yote, macho yake ukutani. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka, akavua ndala zake mlangoni, akatoka peku kuelekea majini alikoachwa Nicanor.