Kitanda cha Koku

Haya yalimpata rafiki yangu Tekla, huko Temeke, enzi za Mwingereza. Mumewe Gozbert, karani, alikuwa akijifunza useremala jioni kwa fundi Hilal. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kitanda cha binti yao mdogo, Koku, na alimpima mtoto kwa kamba akiwa usingizini, akakata mbao kwa kipimo hicho.

Fundi aliposikia alicheka, kisha akaacha. "Karani mzima wewe? Kitanda hupimwa kwa godoro. Mtu mwenyewe hupimwa akishakufa. Ziache hizo mbao, utaanza upya."

Wiki hiyohiyo, Tekla akiwa ameshasimuliwa maneno ya fundi, Koku akashikwa na homa. Gozbert alichelewa kazini siku hiyo, basi Tekla akambeba mtoto mgongoni akazifuate zile mbao mwenyewe. Afadhali azipikie maharage.

Alifika magharibi. Karakana ilikuwa giza, lakini ndani randa ilipita juu ya ubao, polepole, shwaa, shwaa.

"Hodi," akaita.

Randa ikanyamaza.

Fundi Hilal akatokea nyuma yake, anatoka msikitini, ufunguo mkononi.

"Nani yumo ndani, fundi?"

"Hamna mtu, mama Koku. Nimefunga mie mwenyewe."

Akafungua, akawasha kibatari. Zile mbao zilikuwa zimeshaunganishwa, ziko juu ya meza, na kando yake umeegemezwa mfuniko.

Koku, ambaye hakuwa ametamka neno tangu asubuhi, akaanza kujinasua kwenye kanga.

"Nishushe, mama," akasema. "Kitanda changu kimekwisha."